Boula (mrusha mpira) wa kriketi ya kaunti Uingereza na mgongo: kwa nini wengine wanaisha mapema hivi?

SWALI: Habari za kazi fizio (mtaalamu wa viungo). Tunaishi Leicester, mwanangu ana miaka 18 anarusha mpira kwenye akademi ya kaunti. Kuna kijana alikuwa anamfuatilia sana, fasti-midiamu (kasi ya kati kuelekea kali) kama yeye, kacheza misimu 3 tu ya kulipwa kaunti ikamuacha akiwa na miaka 23, wanasema mgongo. Wala hakuwa na kasi ya kutisha. Ni uzembe wa mazoezi? Maana na wangu kaanza kulalamika kiuno.

JIBU: Dada, naanza na kiuno cha mwanao maana hicho ndo cha haraka. Mwambie asimame mguu mmoja ajipinde nyuma taratibu, halafu abadilishe mguu. Kama inauma upande mmoja, hasa ule ulio kinyume na mkono wa kurushia (anarusha na kulia, inauma kushoto), asirushe tena hata mpira mmoja mpaka apigwe MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili). Eksirei isikutulize, mara nyingi inatoka safi wakati mfupa ushachoka, MRI ndo inaonyesha mfupa umevimba kwa ndani kabla ufa haujatokea.

Sasa huyo kijana mwingine. Uzembe hapana, na inaniuma sana watu wakisema hivyo. Boula akitua mguu wa mbele, ardhi inamrudishia nguvu mara 5 ya uzito wake au zaidi, na sekunde hiyohiyo kiuno kimepinda nyuma, kimelala upande na kinazunguka, mzigo wote unaangukia kipande chembamba cha mfupa nyuma ya pingili za chini, L4 na L5. Ova moja ni mipira 6, kwa hiyo ova 30 kwenye mechi moja ni mipira 180, yaani mara 180 palepale. Fasti-midiamu ndo anateseka zaidi kwa hilo, kwa sababu kapteni anamuona ni wa kutegemewa, anampa ova nyingi kuliko yule wa kasi kali anayetumika kidogokidogo.

Na mfupa wa kiuno unaendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu. ECB (bodi ya kriketi ya England na Wales) inawawekea vijana ukomo wa ova mpaka chini ya miaka 19, baada ya hapo kijana anaingia kwenye Championship (ligi ya kaunti), mechi 14 za siku 4 kuanzia Aprili hadi Septemba, katikati kuna T20 (mechi fupi za ova 20 kila timu), ova zinaruka ghafla na mfupa haujajiandaa.

Ufa ukishatokea ni miezi kadhaa bila kurusha, wengine msimu mzima. Mkataba wa kijana mara nyingi ni mwaka 1 au 2, kwa hiyo nyufa mbili tu mkataba ushaisha akiwa jimu. Mwili ungepona, muda ndo haukumsubiri.

Wapo waliovuka. Boula Reece Topley alianza kaunti ya Essex 2011 akiwa na 17, mgongo ukapasuka mara kadhaa, kapita Hampshire na Sussex mpaka Surrey, halafu 2022 kwenye uwanja wa Lord's, London, akaichukulia India wiketi 6 (aliwatoa wapigaji 6) kwa ranzi (pointi) 24. Ila yeye alishaonekana kwenye timu ya taifa, kaunti zilikuwa na sababu ya kumngoja.

Leo hii mpigie fizio wa akademi, mwambie ni upande gani unauma na karusha ova ngapi wiki 4 zilizopita, na za neti (mazoezini) uzihesabu, manake hizo ndo huwa wanazisahau.