Maswali na majibu: Gurudumu la bembea linapitisha watu wachache, tununue mashine nyingine?

SWALI: Mhandisi, tuna uwanja wa bembea hapa Arua, Uganda. Mashine yetu kubwa ni gurudumu lenye vikapu 16, kila kikapu viti vinne. Siku za kawaida hakuna shida. Idd iliyopita tulifungua saa nane mchana mpaka saa moja jioni, waliopanda wakawa 640 tu, na foleni ikafika barabarani. Wapo walioondoka na tiketi mkononi, wengine wakadai fedha zao kwa ukali. Wenzangu wanataka tukope tununue meli ya kubembea, ile mashine yenye umbo la meli inayokwenda mbele na nyuma. Tunashusha watu wote, kisha tunapakia wote, kisha tunazungusha dakika tatu. Wafanyakazi ni wawili, mmoja kwenye swichi na mwingine mlangoni. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu yangu, msikope bado. Gurudumu lenu linatumia muda mwingi zaidi likiwa limesimama kuliko likizunguka, na muda huo mnaweza kuurudisha kabla ya Idd ijayo.

Tuanze na hesabu, maana umetoa takwimu za kutosha. Watu 640 kwa saa tano ni 128 kwa saa. Kwa gurudumu la ukubwa huo, kushusha watu wa kikapu kimoja na kusogeza kinachofuata huchukua kama sekunde 25, na kupakia kama sekunde 35. Mkishusha vikapu vyote 16 mmetumia sekunde 400. Mkipakia vyote, 560. Ongeza 180 za kuzunguka, jumla ni 1,140, yaani dakika 19 kwa safari moja. Saa moja ina safari tatu na kidogo za namna hiyo. Ukigawa 128 kwa 3.16 unapata watu 40 na nusu kila safari, na ukiwagawa hao kwa vikapu 16 unapata wawili na nusu kwa kikapu chenye viti vinne. Kwa hiyo mnapoteza mahali pawili: jukwaani, na kwenye viti vinavyopanda juu vitupu huku watu wamejaa chini.

Thibitisheni kwa saa ya kupimia. Pimeni vikapu 20 mfululizo, tangu gurudumu linaposimama mpaka linaposimama tena. Msitegemee viwili vya mwanzo, kwa sababu mfanyakazi anayejua anapimwa huharakisha.

Badiliko la kwanza, na ndilo kubwa: kila gurudumu linaposimama, shusheni na kupakia hapo hapo. Waliomo watoke upande mmoja, wapya waingie upande wa pili, mlango ufungwe, kikapu kiende. Kituo kimoja, yaani gurudumu kusimama mara moja, cha sekunde 40 kinafanya kazi iliyokuwa inachukua 60. Vituo 16 vinakuwa sekunde 640, na pamoja na dakika tatu za kuzunguka ni 820. Kwa watu wale wale 40 na nusu kwa safari mnafika karibu 178 kwa saa. Ikiwa jukwaa lenu lina ngazi moja tu, tengenezeni ya pili ya kutokea. Fundi wa kuchomelea anaimaliza ndani ya siku chache. Wanaotoka wasikutane na wanaoingia. Wakikutana kwenye ngazi moja, kila kituo kinaongezeka sekunde kumi au zaidi.

Mtindo huu unaponya na jambo jingine ambalo hukuuliza, nalo linanitia wasiwasi kuliko foleni. Mnapopakia vikapu kwa kufuatana kuanzia gurudumu tupu, mkifika cha nane upande mmoja umejaa na wa pili hauna mtu. Watu wawili na nusu kwa kikapu, kilo 60 kila mmoja, vikapu vinane: hiyo ni kilo 1,200 zinazovuta upande mmoja. Injini inalemewa, breki inashika kwa nguvu isiyo yake, na kama gurudumu lenu linasukumwa na matairi, mpira uliolowa mvua huteleza na kikapu hupitiliza jukwaa. Mkishusha na kupakia pamoja, anayetoka anaachia nafasi anayeingia, na uzito unabaki umeenea. Safari ya kwanza ya siku, gurudumu likiwa tupu, pakieni kwa kuvuka: kikapu cha 1, kisha cha 9, kisha 5, kisha 13, halafu 3, 11, 7, 15, ndipo vile vya namba shufwa kwa utaratibu huo huo. Safari ya mwisho shusheni hivyo hivyo. Kitabu cha mashine kinataja tofauti ya uzito inayoruhusiwa kati ya pande mbili. Kikitoa mpangilio wake, fuateni hicho na muache huu wangu.

Sasa viti vitupu. Familia ya watu wawili ikifika mlangoni na mlinda mlango akaiingiza peke yake, viti viwili vimepotea. Mlangoni si mahali pa kupanga watu, kwa kuwa hapo gurudumu limeshasimama na sekunde zinakwenda. Wekeni mfanyakazi mita nne au tano kabla ya jukwaa, kazi yake iwe swali moja: “Mko wangapi?” Awapange katika makundi ya watatu au wanne, na kila kundi lisimame ndani ya mraba uliochorwa kwa rangi chini. Miraba mitatu inatosha. Watu wa mraba wa kwanza wanakuwa tayari: mikoba wameiacha pembeni kwenye rafu, simu ziko mfukoni, mtoto ameshikwa mkono, kimo kimeshapimwa. Mtu aliye peke yake aulizwe kama anakubali kuketi na wengine. Mama aliye peke yake asilazimishwe kupanda na wanaume asiowajua, na mtoto mdogo asitenganishwe na mkubwa wake hata kama hesabu ya viti inaharibika. Hata kwa masharti hayo, wastani wa watu watatu na ushei unafikika. Tuseme 3.2, ambao ni 51 kwa safari.

Kundi likifika likiwa tayari, kituo kinashuka kutoka sekunde 40 hadi 30 bila mtu kukimbia. Hapa nawasihi muelewe vizuri: sekunde zipatikane kwenye foleni, zisipatikane kwenye pini ya mlango. Mpakiaji avute mlango kwa mkono baada ya kufunga, aone pini imeingia yote, ndipo ainue mkono. Mwendeshaji asiguse swichi mpaka aone mikono miwili juu, wa mpakiaji na wa mshushaji. Akikosa mmoja, hasogezi. Sheria hiyo haibadiliki hata foleni ikifika sokoni.

Hesabu mpya basi: vituo 16 kwa sekunde 30 ni 480, pamoja na 180 ni 660, dakika 11. Safari tano na nusu kwa saa, watu 51, mnapata karibu 278. Shusheni makadirio mpaka 250, maana kuna mtoto atakayelia akatae kupanda na kuna mlango utakaokwama. Ni karibu maradufu ya mlichopata, kwa mashine ile ile. Gharama ni wafanyakazi wawili zaidi, jumla wawe wanne: mmoja kwenye swichi, mpakiaji, mshushaji, na mpangaji foleni. Mwenye swichi asipewe kazi nyingine yoyote, asiuze tiketi, asipokee simu.

Fedha zilizodaiwa kwa ukali zina chanzo chake kwenye dirisha la tiketi. Dirisha linaweza kuuza tiketi 400 kwa saa, na malipo ya simu yanaliharakisha zaidi. Gurudumu lilipitisha 128. Kila saa mlikuwa mnauza ahadi msizoweza kuzitimiza. Fungeni dirisha kwenye uwezo wa gurudumu: muuzaji apewe vitabu vyenye idadi ya saa moja, na kila kitabu kiwe na rangi yake na muda wake, kwa mfano saa tisa hadi saa kumi. Kitabu kikiisha, anauza cha saa inayofuata na kumwambia mnunuzi waziwazi. Viwanja vikubwa vya Marekani vilianza kutoa karatasi za kurudi kwa muda maalumu mwaka 1999, na wazo ni hili hili: mtu asubiri akila muhogo na watoto wake badala ya kusimama juani. Ila msitoe rangi za uwezo wote. Kwa uwezo wa 250, tiketi za muda zisizidi 200. Zinazobaki ni pumzi yenu umeme ukikatika au mvua ikisimamisha kazi nusu saa. Hakuna tatizo likitokea, ziuzeni papo hapo.

Muda wa kusubiri hauhitaji kukisiwa. Gawanya watu waliomo kwenye foleni kwa uwezo wa saa. Watu 125 kwa uwezo wa 250 ni nusu saa. Andikeni kwenye ubao, na mbadilishe ubao kila dakika 15. Mtu aliyeambiwa dakika 35 akapanda baada ya 30 anaondoka ameridhika. Aliyeambiwa 15 akasubiri 30 ndiye anayekuja dirishani kugomba.

Njia ya foleni iwe ya kukunjwa, upana wa mita moja, kwa kamba na nguzo za chuma zenye vitako vizito. Mita moja ya njia huchukua watu wawili kwa raha, kwa hiyo watu 125 wanahitaji mita 63 hivi, yaani mikunjo saba ya mita tisa. Kila mikunjo miwili au mitatu acheni kamba inayofunguka haraka, ili aliyezidiwa atolewe pembeni. Foleni ikijaa mikunjo yote, isiruhusiwe kuendelea nje ya geti. Mlinzi asimame na bango, awaelekeze watu kwenye dirisha la tiketi za muda.

Jambo hili Uganda tumelilipia kwa roho za watu. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, kwenye jengo la maduka kando ya barabara ya Kampala na Entebbe, watu wasiopungua tisa, wakiwemo watoto, walifariki walipobanana kwenye njia nyembamba wakitoka kutazama fataki. Anayefia kwenye msongamano wa aina hii kwa kawaida hufa kwa kukosa pumzi, kifua kikiwa kimebanwa, mara nyingi akiwa bado amesimama. Watu wakifika wanne kwa mita moja ya mraba, wapunguzeni. Wakipita watano, hakuna anayeamua tena anakwenda wapi, na walio nyuma hawaoni wanachowafanyia walio mbele. Kwa hiyo geti la kutokea liwe jingine na la kuingilia, yote yafunguke kwa nje, na yasifungwe kwa kufuli wakati kuna watu ndani. Kufunga uwanja jioni nako kuna hesabu: kama mnazima saa moja kamili, saa kumi na mbili na dakika ishirini hesabuni watu wa mwisho 160, na wa 160 asimame na mfanyakazi mwenye bango la kusema foleni imefungwa.

Mvua na umeme wa radi vina kanuni fupi. Ukiona mwanga na ngurumo ikafika ndani ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na mashine haipaswi kuwa na mtu. Lakini kushusha vikapu 16 kunawachukua karibu dakika saba. Basi mkisubiri mpaka ngurumo ifike ndani ya sekunde 30 ndipo muanze kushusha, mmechelewa dakika saba. Acheni kupakia na muanze kushusha mnaposikia ngurumo ya kwanza, hata ikiwa mbali, na msirudi kazini mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Upepo nao una kikomo kwenye kitabu cha mashine. Mashine nyingi zimeundwa kufanya kazi mpaka mita 15 kwa sekunde, na kipimo cha upepo kiwekwe juu ya gurudumu, maana chini upepo ni mdogo.

Umeme ukikatika na jenereta ikawaka, gurudumu lisianze kuzunguka lenyewe. Mwambieni fundi ahakikishe kwamba baada ya kukatika, mwendeshaji ndiye anayewasha upya kwa mkono wake. Kama jenereta nayo imegoma, breki huachiliwa taratibu na upande mzito hushuka wenyewe mpaka jukwaani. Mnashusha watu hao, kisha upande mzito unaofuata. Fanyeni zoezi hili kwa mifuko ya mchanga kabla ya sikukuu, na mpime muda.

Kuhusu meli ya kubembea, wenzako hawajakosea kabisa. Meli ya viti 24 hupakia watu wote kwa mara moja. Dakika mbili za kubembea na mbili za kubadilisha watu ni safari 15 kwa saa, watu 360. Gurudumu kwa asili ni mashine ya polepole, na uwanja ukikua mtaihitaji meli. Lakini ikija leo, kwa mpakiaji mmoja na foleni isiyopangwa, kubadilisha watu kutachukua dakika sita, viti vitajaa 15, na mtapata watu 112 kwa saa huku deni likisubiri.

Jumamosi yoyote kabla ya Idd pimeni tena vikapu 20 kwa utaratibu mpya. Kama kituo bado kinazidi sekunde 30 na makundi yanafika tayari, tazameni milango: bawaba zilizopinda na pini zenye kutu ndizo huiba sekunde zilizobaki. Nyosheni bawaba, pakeni grisi, badilisheni pini zilizolika, mpime tena.