Usiniulize programu ya kuficha alama za akili mnemba (AI)

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayemalizia shahada ya uzamili aliniandikia hivi: "Dada, sura ya pili nimeandikiwa na akili mnemba. Naomba unitajie programu nzuri ya kuibadilisha isigundulike, nawasilisha hivi karibuni." Nimeshamjibu kwa faragha. Lakini maswali ya namna hii yamekuwa mengi, na wanaouliza ni watu makini wanaotaka kufika kwenye uzamivu na siku moja kusimama mbele ya darasa kama wahadhiri. Ndiyo maana jibu naliweka hapa kwa kirefu.

Programu sikumtajia. Nilimuuliza tu: jopo la watahini likifungua ukurasa wowote wa sura hiyo na kukuambia "tufafanulie hapa", utasema nini?

Nauliza kwa uzoefu. Mimi niliwahi kuitwa mbele ya kamati kwa tuhuma ya kuandikiwa tasnifu na mashine, na kazi ilikuwa yangu, neno kwa neno. Walikuwa na ripoti ya programu ya kugundua maandishi ya akili mnemba, ina asilimia kubwa juu na mistari iliyopakwa rangi chini. Niliikagua ripoti ile mstari kwa mstari. Rangi nyingi zilikuwa kwenye mbinu za utafiti: jinsi sampuli ilivyoteuliwa, hojaji ilivyojaribiwa, data zilivyochambuliwa. Sehemu hiyo kila mtafiti huiandika karibu kwa maneno yaleyale, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuiandika.

Msimamizi wangu, ambaye rasimu zangu zote zilipita mikononi mwake, alinyamaza kikao kizima. Hilo linaniuma hadi leo na sitalificha.

Kilichoniokoa ni kumbukumbu za kazi yenyewe. Faili langu lilikuwa limehifadhi historia ya mabadiliko, kwa hiyo aya zilionekana zikikua taratibu, zikikatwa, zikirudishwa. Nilikuwa na daftari la kusomea lenye jina la kila kitabu, namba ya ukurasa na maoni yangu pembeni. Mwenyekiti akaomba nimfungulie rasimu ya mwanzo kabisa. Palikuwa na aya nzima niliyokuja kuifuta, na pembeni nilikuwa nimejiandikia: "Takwimu zangu hazifiki huku, punguza maneno." Akaisoma, akaniuliza kwa nini niliacha nadharia iliyokuwemo humo, nikamweleza bila kushika karatasi. Tuhuma zilifutwa. Baadaye nilitetea tasnifu ile nikatakiwa kurekebisha makosa ya uchapaji tu, na sasa naendelea na uzamivu. Nasema haya kwa fahari, kwa sababu nililipigania jina langu.

Baada ya hapo nilisoma sana kuhusu programu hizi za kugundua. Nyingi hupima jinsi maneno yanavyotabirika: sentensi ikiwa ya kawaida mno, inatiliwa shaka. Anayeandika kwa lugha ya pili hutumia msamiati wa kawaida na miundo aliyoizoea, hivyo yeye ndiye anayeumia zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiokizaliwa nacho, zilizoandikwa na binadamu, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. OpenAI yenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa programu yao ya kugundua Januari 2023. Kwa vipimo vyao wenyewe ilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuwasingizia binadamu kwa asilimia 9. Julai mwaka huohuo wakaiondoa.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukikwepa programu ya kugundua hujathibitisha chochote, na isipokukamata bado jopo lipo. Tunza rasimu. Washa historia ya mabadiliko tangu siku ya kwanza, andika kwenye faili hilohilo, usibandike sura nzima kutoka mahali pengine. Mazungumzo yako na akili mnemba nayo yahifadhi, na tarehe zake. Nitalirudia hili hadi mchoke: tunza rasimu.

Kuna jambo jingine linalowaangusha wengi, nalo ni marejeleo. Mwanafunzi mwenzangu alinipa orodha yake nimsaidie kuipanga. Rejeo moja lilinivutia kwa sababu lilihusu mada yangu na sikuwahi kuliona. Mwandishi yupo kweli, jarida lipo kweli, juzuu lipo. Nikafungua juzuu lile, nikaenda kwenye kurasa zilizotajwa, nikakuta makala ya mtu mwingine kabisa kuhusu jambo lisilohusiana. Namba ya DOI, ile inayoitambulisha kila makala mtandaoni, haikufunguka. Mashine ilikuwa imeunganisha vipande vya kweli ikapata kitu kisichokuwepo. Haikukusudia kudanganya. Kazi yake ni kutabiri neno linaloelekea kufuata, na kichwa cha makala kinachoelekea kuwepo hukiandika kwa kujiamini kulekule inakoandika kilichopo.

Wanasheria wawili wa New York walilijua hili kwa aibu mwaka 2023. Waliwasilisha mahakamani hoja zenye kesi ambazo ChatGPT ilizitunga katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca, na wakatozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao. Hao walikuwa mawakili wenye uzoefu wa miaka. Wewe usiweke rejeo ambalo hujalifungua kwa mkono wako na kusoma walau ukurasa unaounukuu. Muhtasari wa mashine hauhesabiki kuwa umesoma.

Data za watu ndizo zinazonitia hofu kuliko vyote, na ndizo zinazozungumzwa kidogo. Unamhoji mama aliyefiwa, au mgonjwa, au mfanyakazi anayemlalamikia bosi wake. Amesaini fomu ya ridhaa inayosema maneno yake utayaona wewe na msimamizi wako. Kisha usiku unabandika mahojiano yote kwenye mazungumzo ya bure ya akili mnemba ili ikutolee dhamira kuu. Umeyapeleka kwenye seva ya kampuni ambayo hakuikubali, na kulingana na mipangilio ya akaunti yako yanaweza kutumika kufunzia mashine hiyo. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia huduma hizi baada ya baadhi yao kubandika humo msimbo wa siri wa kampuni, yaani maandishi ya kuundia programu. Kampuni ikiogopa hivyo kwa ajili ya msimbo, mtafiti aogope zaidi kwa ajili ya binadamu aliyemwamini. Kama unahitaji msaada wa mashine kwenye uchambuzi, liandike kwenye ombi lako la kibali cha maadili kabla ya kukusanya data, na fomu ya ridhaa iseme hivyo waziwazi. Kufuta majina peke yake hakutoshi, maana kijiji, cheo na tukio vinaweza kumtambulisha mtu.

Mimi akili mnemba naitumia, tena karibu kila siku. Naipa hoja yangu na kuiambia inipinge kama mjumbe mkali wa jopo, kisha naenda kwenye vitabu kutafuta majibu. Nikikwama kwenye msimbo wa takwimu, inanionyesha kosa lilipo, nami naujaribu kwa data za mfano kabla ya kuuamini. Na natamka kwamba nimeitumia: chombo gani, toleo gani, kwa kazi ipi, kwenye sura ya mbinu. Jarida la sayansi la Nature lilisema tangu Januari 2023 kwamba mashine haiwezi kuwa mwandishi na matumizi yake yaelezwe. MLA na APA, wenye mitindo ya marejeleo inayotumika sana vyuoni, nao walitoa mwongozo wa kuinukuu mwaka huohuo. Kama idara yako haina kanuni, mwandikie msimamizi barua pepe, uliza kinachoruhusiwa, tunza jibu.

Wahadhiri wanaosoma hapa, nanyi nina neno nanyi. Huko Texas mwaka 2023 mwalimu mmoja wa chuo kikuu alibandika kazi za wanafunzi kwenye ChatGPT na kuiuliza kama ndiyo iliyoziandika, ikakubali, na matokeo yao yakazuiwa. Mashine ile haina namna ya kujua iliandika nini kwa nani. Ukimtilia shaka mwanafunzi, mwite na rasimu zake, chagua aya tatu, mwache azungumze. Fanya hivyo kabla jina lake halijafika kwenye kamati, na kama ulisoma rasimu zake, fungua mdomo useme ulichokiona.