Kioo cha boti kimepasuka: plastiki inafaa, ila ichague vizuri

Kaka, umeuliza kama kioo cha mbele cha boti yako ya kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kilichopasuka kuanzia kwenye skrubu, unaweza kukibadilisha kwa shiti ya plastiki utakayonunua Moshi mjini. Unaweza kabisa. Ila muulize muuzaji kama ni akriliki au polikaboneti, maana kwa macho zinafanana. Akriliki haipati mikwaruzo haraka na hustahimili jua, lakini ikigongwa hupasuka. Polikaboneti hata nyundo haiivunji kirahisi, ila huchubuka upesi na jua huigeuza manjano, isipokuwa ile yenye kinga ya jua. Upande wa kinga ndio utazame nje. Kwa boti ya uvuvi mimi ningechukua polikaboneti yenye kinga, unene wa milimita 5 au 6.

Usitupe kioo cha zamani, ndicho kipimo chako. Karatasi iliyobandikwa juu ya shiti mpya usiibandue mpaka umalize kukata na kutoboa.

Sasa matundu, hapo ndipo wengi huharibu. Plastiki hutanuka kwa joto: kipande cha mita 1 joto likipanda nyuzi 30 huongezeka kama milimita 2. Kwa hiyo toboa tundu pana kidogo kuliko skrubu, lainisha ukingo wake kwa msasa, weka washa za mpira, kisha kaza kwa mkono, siyo kwa drili. Skrubu ikibana sana, ufa huanzia palepale.

Na nakusihi, kijana anayeosha boti asiguse petroli wala thina. Maji, sabuni na kitambaa laini vinatosha.