Maswali ya Wasomaji: Njia ya Mgongo wa Mlima Iliyomezwa na Vichaka

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tumezoea kutembea milimani kwa siku moja, kwenye njia pana zenye alama. Sasa tunakusudia kupanda mgongo wa mlima ambao ramani ya zamani inaonyesha una njia, lakini waliopita huko karibuni wanasema njia hiyo imemezwa na vichaka na mahali pengine haionekani kabisa. Rafiki zetu wanatuhakikishia kwamba juu ya mgongo mtu hawezi kupotea, kwa kuwa kazi yake ni kuufuata hadi kileleni na kurudi vivyo hivyo. Je, ni kweli? Na tujipangie muda gani?

JIBU: Ndugu msomaji, maneno ya rafiki zako ni ya kweli wakati wa kupanda tu. Mnapopanda, matawi yote ya mlima, yaani migongo midogo inayochomoza kutoka mgongo mkuu, hukusanyika kuelekea juu, kwa hiyo hata mtu aliyeiacha njia, maadamu anaendelea kupanda, hatimaye hujikuta juu ya mgongo mkuu. Wakati wa kushuka mambo hugeuka. Mgongo uleule huanza kugawanyika, na kila penye mgawanyiko mguu hupenda kufuata tawi pana lenye mteremko mwanana, ilhali njia yenyewe huenda imekata kona na kuingia tawi jembamba lililojificha nyuma ya kichaka. Mimi mwenyewe niliwahi kushuka tawi lisilo langu katika ukungu kwa muda wa saa nzima, nikiwa na hakika kabisa kwamba niko sawa, mpaka nilipofika ukingoni mwa genge ambalo asubuhi sikuwa nimelipita. Kupanda tena mteremko ule kulinichosha kuliko safari yote iliyotangulia.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kurudi salama huanza mnapopanda. Kila mnapofika mahali ambapo tawi jingine linaungana na mgongo wenu, simameni, mgeuke nyuma, na mtazame mahali hapo kama mtakavyopaona wakati wa kushuka. Piga picha, kisha uandike mwelekeo wa njia sahihi kwa nyuzi za dira. Matawi hayo yanaweza kuonekana kwenye ramani hata kabla ya safari: pale ambapo mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, imejikunja na ncha zake kuelekea chini ya mlima, pana mgongo, pale ambapo ncha zinaelekea juu, pana bonde. Na kwa kuwa ramani yenu ni ya zamani, kumbukeni kwamba tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani hubadilika kadiri miaka inavyopita, hivyo tafuteni kipimo cha sasa badala ya kile kilichochapwa pembeni mwa karatasi.

Njia yenyewe haipotei kwa usawa. Chini ya miti mikubwa yenye kivuli kizito, udongo uliokanyagwa kwa miaka mingi hubaki wazi, kwa sababu majani hayapati jua la kuyakuza. Njia humezwa zaidi pale jua linapofika: kwenye uwazi, mahali mti ulipoanguka, na pale palipowahi kuungua. Basi mkifika kwenye uwazi uliojaa nyasi na magugu, msijitose humo kwa kubahatisha. Mmoja asimame mahali njia inapoishia, na mwingine azunguke ukingo wa uwazi ule, bila kutoka machoni pa mwenzake, akitafuta pale njia inapoingia tena kivulini. Atafute mfereji mdogo ardhini, mizizi iliyochubuka kwa kukanyagwa, kisiki au tawi lililokatwa kwa msumeno zamani, mawe yaliyopangwa na mkono wa mtu, au mstari wa vichaka vichanga kati ya vichaka vikongwe. Kazi hii ina raha yake, na naamini ndiyo sababu baadhi yetu tunazipenda njia hizi kuliko zile zilizofagiliwa.

Tahadhari na njia za wanyama. Nazo huonekana safi na zimekanyagwa vizuri, ila hupita chini ya matawi yaliyo usawa wa kiuno na baada ya muda huteremkia bondeni. Ikiwa mmeinama kwa dakika kadhaa mfululizo, huenda hiyo si njia ya watu.

Kuhusu muda, wapanda milima wengi bado hutumia kanuni ya William Naismith wa Scotland, aliyoitoa mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5 hivi, na kuongeza saa 1 kwa kila mita 600 hivi za kupanda. Kwa safari ya kilomita 12 kwenda na kurudi, yenye mita 900 za kupanda, kanuni hiyo inatoa karibu saa 4. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayetembea bila kusimama kwenye njia iliyo wazi. Penye vichaka vinavyofika kifuani, mwendo unaweza kushuka hadi kilomita 1 kwa saa, hivyo ningewashauri mhesabu saa 8 au zaidi. Mkiondoka saa 12 asubuhi, kubalianeni mkiwa bado nyumbani kwamba ikifika saa 6 mchana mtageuka, popote mtakapokuwa, hata kama kilele kinaonekana. Kila mmoja awe na tochi yake.

Mambo mengine mawili yanauhusu mgongo hasa. Kwanza, maji huteremka mabondeni, kwa hiyo juu hakuna kijito cha kutegemea. Bebeni maji ya siku nzima. Pili ni radi. Sauti husafiri kilomita 1 kwa takriban sekunde 3, hivyo ngurumo ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya umeme kuonekana, radi iko karibu mno na inawapasa kuwa mmekwishaanza kushuka kutoka sehemu ya juu kabisa, mkiepuka mti uliosimama peke yake.

SWALI: Je, tubebe panga ili tusafishe njia tunapopita?

JIBU: La. Mahali pengi kukata mimea bila idhini ya wanaosimamia msitu ni kosa, na hata pasipokatazwa, mtu aliyekosea njia akiwa na panga huacha nyuma yake njia mpya ya uongo itakayompotosha anayemfuata. Fungeni vipande vya kitambaa chenye rangi kali penye utata, kisha mvifungue vyote wakati wa kurudi. Vaeni suruali ndefu na mikono mirefu hata kukiwa na joto, kwa ajili ya miiba na kupe. Na mjue kwamba vichaka vyenye umande wa asubuhi hulowesha nguo kama mvua, kwa hiyo nguo kavu ya kubadilisha ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki.

SWALI: Tukipotea kabisa, tufuate mto hadi tufike kwa watu?

JIBU: Msifanye hivyo. Korongo la mlimani mara nyingi huishia kwenye maporomoko, na aliyekwisha kuteremka mwamba wenye utelezi huenda asiweze kuupanda tena. Rudini juu hadi mahali pa mwisho mlipokuwa na hakika napo, hata ikiwa ni mwendo wa saa nzima. Mkishindwa, au giza likiwakuta, kaeni pamoja mahali pamoja, vaeni kila nguo mliyo nayo, na mpulize filimbi mara 6 ndani ya dakika 1, mnyamaze dakika 1, kisha mrudie. Jibu la waokoaji ni milio 3. Mkiisikia, endeleeni kupuliza hadi wawafikie.