Kongamano la mtandaoni kwa duka la vifaa vya keki: watoa mada 6 wanatosha, kazi iko kwenye linki

Dada, kwa ulivyoeleza, una duka la vifaa vya keki Mwanza, WhatsApp ina wateja kama 600, Instagram inasuasua, na unataka kongamano la mtandaoni la siku 3, watoa mada 20, kiingilio bure, ili upate wateja wa mikoani. Umeuliza ulipie Zoom ipi na ubusti posti (ulipie isambae) kwa shilingi ngapi. Naanza na hao 20, maana hapo ndipo litakapofia.

Watu wapya wa kongamano huletwa na watoa mada. Kila mmoja ana watu wake wanaomwamini, na akiwaambia "Alhamisi nafundisha, jiandikisheni hapa" wanakuja bila kubembelezwa. Wakiwa 20, kila mmoja anaona wenzake 19 watatangaza, naye anaweka stetasi moja saa 5 usiku, kamaliza. Wakiwa 6, wawili kila usiku, sura ya kila mtu iko kwenye bango na ukimya wake unaonekana. Na wewe utaweza kuwafuatilia. 20 hutawaweza, utageuka karani wa kuomba picha za wasifu.

Usiwachague kwa idadi ya wafuasi. Fungua posti zao 10 za mwisho usome maoni. Ukikuta watu wanauliza "unga kiasi gani?", "moto wa juu au wa chini?", na mwenye ukurasa anajibu, huyo ndiye. Ukikuta mioyo na "hongera" tupu, pita. Mwalimu mwenye magrupu mawili ya WhatsApp ya wanafunzi wanaolipa ada atakuletea watu kuliko mwenye wafuasi 80,000 waliokuja kuangalia keki za harusi za mastaa. Na usijaze wapishi watupu: chukua wapishi watatu, anayejua kukokotoa bei, mpiga picha wa vyakula kwa simu, na anayesafirisha keki kila siku. Hakuna anayeshindana na duka lako, na kila mmoja ana watu ambao mwingine hana.

Mada nayo iwe nyembamba. "Ujasiriamali wa keki" haimwamshi mtu. "Keki ya oda isiharibike kabla ya kufika kwa mteja" inamwamsha, kwa sababu aliyeko Tanga au Zanzibar ameshaona aisingi ya siagi ikilegea mchana, na fondanti, ile sukari laini ya kufunikia keki, ikitoka jasho baada ya kutolewa kwenye friji (mvuke wa hewa yenye joto unageuka maji ukigusa ubaridi, sukari inayanyonya). Mada ya namna hiyo inaita vitu vya dukani kwako yenyewe: boksi gumu, kibao cha kuwekea keki, vijiti vya kushikilia ghorofa.

Sasa linki, ambayo wengi huiruka. Usitoe linki moja kwa wote. Tengeneza ya WhatsApp kwa kila mtoa mada, yenye ujumbe uliokwisha kuandikwa ndani: wa.me/2557XXXXXXXX?text=KEKI3, hiyo 3 ikiwa namba ya mtoa mada. Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Ukiweka 07 linki haifungui kitu, na utagundua siku tatu baadaye ukishangaa kwa nini kumetulia. Mtu akibonyeza, WhatsApp yake inafunguka ikiwa na neno KEKI3, anatuma tu. Kwa kitendo hicho umepata namba yake, ameanza mazungumzo yeye, na unajua kaletwa na nani. Kwenye WhatsApp ya biashara mpe lebo ya namba 3. Jioni unahesabu lebo. Mtoa mada ambaye lebo yake ina watu wawili wiki moja kabla, mpigie simu, usimwandikie.

Ujumbe wa kukaribisha unaojituma wenyewe uwe na mambo matatu: ahsante, tarehe na saa, na ombi la kuhifadhi namba yako kwa jina la duka. Hilo la tatu si la adabu tu. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Wasipohifadhi, utatuma kumbusho la siku ya kwanza na nusu ya watu hawataliona. Grupu linabeba watu 1,024 lakini kila mmoja anaona namba za wenzake, na hapo ndipo matapeli wa mikopo wanapovuna. Tumia jumuiya ya WhatsApp, uwanja wa matangazo ambako wanachama hawaonani namba. Kila linki inapowekwa, ongeza sentensi moja chini yake: "Ukituma neno hili umekubali tukutumie taarifa za kongamano na za duka, andika TOA ukitaka kuondoka." Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019, na utapata watu wa huko pia. Watoa mada usiwagawie orodha, hata wakiomba. Waambie hivyo tangu mwanzo ili pasiwe na kununa.

Kila mtoa mada umwandalie furushi lake wiki tatu kabla: bango lenye uso wake peke yake (la pamoja hawaliposti), video ya sekunde 30 yenye maandishi kwa wanaotazama bila sauti, maelezo matatu tayari ya kunakili, na linki yake. Ukimwambia "tangaza basi" hatatangaza.

Masomo yarekodiwe kabla, dakika 25 kila moja, halafu mwenyewe awepo laivu dakika 15 za maswali. Umeme na mtandao tunavijua. Rekodi ziwe mkononi mwako siku 7 kabla. Atakayechelewa mtafutie mbadala mapema. Sikiliza kila rekodi kwa spika ya simu, maana watazamaji wengi watasikilizia humo, na feni ya jikoni inayoonekana haina kelele inafunika sauti nzima.

Zoom ya bure inakata dakika 40, haikutoshi. Lipia mwezi mmoja kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, kisha zima malipo ya kujirudia siku hiyo hiyo. Lakini Zoom waingie watoa mada tu na wewe. Kikao hicho kirushe laivu YouTube, na watazamaji wapeleke huko kwa linki isiyoorodheshwa, anayoifikia mwenye linki tu. Sababu ni bando: YouTube mtu anaweza kushusha ubora hadi 144p, na saa nzima haimmalizii kifurushi. Tahadhari mbili. Chaneli mpya ikithibitishwa kwa namba ya simu, ruhusa ya kurusha laivu inaweza kuchukua saa 24, kwa hiyo fanya wiki moja kabla. Na ukicheza rekodi ndani ya Zoom, kabla ya kushiriki skrini weka alama kwenye kisanduku cha kushiriki sauti. Bila hivyo watu wanaona mdomo unacheza kimya na wewe kwako unasikia vizuri kabisa. YouTube inachelewa sekunde kadhaa, hivyo maswali yakusanywe WhatsApp na msaidizi, umsomee mtoa mada.

Msaidizi huyo akae mtaa mwingine, mtandao mwingine, umfanye msimamizi mwenza wa Zoom. Umeme wako ukikatika, kikao kinaendelea mikononi mwake. Nakala za rekodi zote awe nazo.

Saa: andika "saa 2:30 usiku", na chini yake 20:30. Utakuwa na Waswahili wa Bujumbura na Lubumbashi walio nyuma yetu saa moja, na wa Muscat walio mbele saa moja, na wengine husoma "saa 2" kama alasiri ya kizungu. Epuka usiku wa Ramadhani. Baada ya mshahara ni bora.

Waliojiandikisha, theluthi moja wakihudhuria laivu ushukuru. Wengine wanasubiri marudio, nayo yaachie saa 48 tu kisha uzifiche video. Hapo ndipo pesa inapoingia: rekodi zote 6 pamoja na karatasi za vipimo, sema 15,000, au bure kwa atakayenunua boksi la vifaa vilivyotumika kwenye masomo. Boksi hilo liandae kabla, bei ikiwa na nauli ya basi hadi mkoani ndani yake, na hesabu vipande ulivyonavyo. Ukiuza 40 wakati nozo za ua ziko 25, umejitangaza vibaya kwa watu wapya wote siku moja.

Watoa mada wape asilimia 30 ya rekodi zilizouzwa kupitia lebo zao. Uwatumie ndani ya siku 7, pamoja na ya kutolea.

Kubusti sasa. Subiri siku 4 za mwisho, chukua ile video ya sekunde 30 ambayo imeleta lebo nyingi bila malipo, na kitufe chake kiende WhatsApp kikiwa na KEKI0, yaani aliyeletwa na tangazo la kulipia. Anza na 10,000 kwa siku mbili, gawa kwa idadi ya KEKI0 zilizoingia, ulinganishe na faida ya boksi moja.