Jibu: Kwa nini Donnie hafurahii medali?

Salamu ndugu. Umeuliza kwa nini Donnie, shushushu wa FBI aliyejipenyeza kwa mafia katika filamu ya Donnie Brasco (1997), anapokea medali na hundi ya dola 500 kwa uso wa msibani. Kama uliitazama kwenye kibanda cha video Kampala, anza hapo: sauti ya VJ (anayetafsiri na kusimulia filamu juu ya sauti yake) hufunika ukimya, na ukimya ndio unaobeba jibu. Itafute isiyotafsiriwa.

Kisha rudi mwanzo. Lefty, mzee wa mafia, ndiye aliyemdhamini Donnie kwa wakubwa, na kwa mafia mdhamini hulipa kwa roho yake. Kila ushahidi anaoupeleka Donnie unamchimbia kaburi mzee aliyempenda kama mwana.

Tazama sana mkahawa wa Kijapani. Donnie anakataa kuvua viatu kwa sababu kinasa sauti kimo ndani ya buti. Mhudumu asiye na kosa anapigwa vibaya, naye Donnie anashiriki. Kwangu hapo ndipo anapovuka mto, si mwishoni.

Halafu Lefty anavua vito vyake na kuviacha kwenye droo kabla ya kutoka. Anajua aendako. (Lefty halisi hakuuawa, FBI walimkamata 1981.)