Maswali ya Wasomaji: Picha Imepigwa, Mbona Daktari Haioni?

Safari hii tunajibu maswali kuhusu PACS, mfumo unaohifadhi picha za eksirei, CT, MRI na ultrasaundi na kuzifikisha kwenye kompyuta za madaktari. Barua nyingi zimeandikwa na wateknolojia wa mionzi waliokabidhiwa mfumo huo juu ya kazi yao ya kila siku ya kupiga picha. Zilizofanana tumeziunganisha.

Tuna eksirei moja ya kidijitali na CT. Kila mara wodini wanapiga simu kwamba picha haipo. Kwenye mashine tunaiona, kwenye PACS hatuioni, na fundi wa kompyuta anasema mtandao ni mzima. Tuanzie wapi?
*Mteknolojia wa mionzi, Tanga*

"Picha haipo" ni malalamiko matatu yanayotamkwa kwa maneno yaleyale: haijatoka kwenye mashine, imetoka ikakataliwa, au imefika ila imekaa chini ya jina au tarehe usiyoitarajia. Fundi wa kompyuta atakusaidia mawili ya kwanza. La tatu ni lako.

Anzia kwenye mashine, kwenye foleni ya kutuma. Kipimo kikiwa kimekwama, piga ping anwani ya seva. Ikijibu, fanya C-ECHO. Mashine nyingi zina kitufe chake cha kuhakiki kwenye ukurasa wa mipangilio ya seva. Ping inakuambia kompyuta ya upande wa pili iko hewani, basi. C-ECHO inakuambia programu ya PACS yenyewe inasikiliza na inaelewa DICOM, lugha ambayo mashine za picha huzungumza. Kwa hiyo fundi wenu anaweza kusema kweli tupu kwamba mtandao ni mzima, na picha zisiende.

Ping ikijibu na C-ECHO ikagoma, linganisheni vitu vitatu pande zote mbili, herufi kwa herufi: anwani ya IP, namba ya poti (mlango ambao programu inasikilizia) na jina la AE (jina ambalo kila mashine au programu hujitambulisha nalo kwenye DICOM). Poti kwa desturi huwa 104 au 11112. Jina la AE halizidi herufi 16, na herufi kubwa si sawa na ndogo: XRAY_TANGA na Xray_Tanga ni majina mawili. Lakini pale umeme unapokatika mara kwa mara, mtuhumiwa wa kwanza ni IP. Seva au mashine iliyoachwa ichukue anwani kwenye ruta inaweza kupewa nyingine umeme ukirudi, na kuanzia hapo mwenzake anaitafuta pasipo. Seva, mashine za picha na kompyuta za kusomea zipeni IP za kudumu, kisha bandikeni orodha yake ndani ya mlango wa kabati la seva.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo: daktari anakiona kipimo kwenye orodha, akikifungua hakiji. Hapo kutafuta kumefaulu, kuvuta kumeshindwa. PACS inapoombwa ipeleke picha mahali, inapeleka kwa anwani iliyosajiliwa kwake, si kwa aliyeuliza. Kompyuta mpya ya daktari isiposajiliwa kwenye PACS, au ikisajiliwa kwa IP ya zamani, orodha itaonekana na picha haitakuja.

Sasa la tatu. Acha kutafuta kwa jina. Tafuta kwa tarehe na aina ya mashine, ongeza siku moja nyuma na moja mbele, halafu pitia orodha kwa macho. Mtakayoyakuta huwa ni haya. Kwanza, saa. Mashine iliyoachwa kwenye saa za UTC, saa ya rejea ya dunia, iko nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo ajali iliyopigwa picha saa 7:30 usiku, yaani 01:30, itaandikwa 22:30 ya jana, na daktari aliyechagua "leo" hataiona. Mashine zote na seva zichukue saa kwenye chanzo kimoja cha NTP, huduma ya mtandao inayolinganisha saa za kompyuta. Kompyuta ya mashine ikirudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa, badilisheni betri ndogo ya ubao mama. Nyingi ni CR2032.

Pili, majina. DICOM inatenganisha sehemu za jina kwa alama ya ^, jina la ukoo likitangulia. Mmoja akimwandika mgonjwa SALEHE^ASHA^JUMA na mwingine ASHA JUMA SALEHE yote kwenye kisanduku kimoja, anayetafuta SALEHE* atampata wa kwanza tu. Hapo hatujagusa Mohamed, Mohammed na Muhamad. Dawa ni orodha ya kazi: mapokezi waandikishe mara moja, mashine ivute jina, namba ya hospitali na namba ya ombi kutoka kwenye mfumo. Anayepiga picha achague, asichape.

Tatu, hili ndilo baya: namba ya mgonjwa ya kubabaisha. Usiku mgonjwa kaja hajitambui, mashine inadai namba, mtu anachapa 0 au 123 ili apite. PACS inakusanya vipimo kwa namba ya mgonjwa. Baada ya mwezi mmoja "mgonjwa 0" ana nyonga ya mzee, kifua cha mtoto na CT ya kichwa ya dereva wa bodaboda, vyote kwenye jalada moja. Wekeni vitambulisho vya dharura mapema, kwa mfano DH-0001 hadi DH-0200, kila kimoja kwenye karatasi yake pamoja na bangili ya mkononi, kitumike mara moja tu. Jina halisi likipatikana, msimamizi wa PACS ndiye anayehamisha kipimo.

Picha za vifua vya wagonjwa wawili zimebadilishana majina na mmoja ameshasomwa. Tunarekebishaje?
*Msimamizi wa PACS, Mombasa*

Kabla ya kugusa kitufe chochote, pigeni simu kwa daktari bingwa wa radiolojia na kwa wodi zote mbili. Ripoti isimamishwe. Mtu anaweza kuwekewa mrija kifuani usiokuwa wake wakati ninyi mnatafuta nywila.

Kisha thibitisheni kwa ushahidi, watu wawili pamoja: fomu ya ombi, muda wa kupiga, alama ya madini ya risasi inayoonyesha kulia au kushoto, na picha za zamani za kila mmoja kama zipo. Mvunjiko uliopona, umbo la moyo au kifaa cha kurekebisha mapigo vinamtambulisha mtu vizuri kuliko kumbukumbu ya aliyekuwa zamu.

Kwenye programu tumieni amri ya kuhamisha kipimo. Msitumie ya kuunganisha wagonjwa, maana hiyo itamwaga historia yote ya mmoja ndani ya jalada la mwingine, na kuitenganisha tena ni kazi ya siku nzima. Tumieni namba ya mgonjwa ya muda mfupi kama kituo cha njiani: kipimo kilichomo kwa A kiende kwenye namba ya muda, cha B kiende kwa A, kisha cha muda kiende kwa B. Mkikiingiza kimoja moja kwa moja, kwa dakika chache mtakuwa na picha mbili za siku moja chini ya mtu mmoja, na hapo ndipo watu hupotea mara ya pili.

Wengi huishia hapo, na kosa linarudi. Nakala yenye jina lisilo sahihi bado iko kwenye diski ya mashine. Mtu akibonyeza "tuma tena" wiki ijayo, itaingia upya. Irekebisheni au ifuteni huko pia. Fuatilieni filamu iliyochapishwa, CD aliyopewa mgonjwa, na nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya daktari. Mwisho andikeni kwenye daftari la marekebisho: nani, lini, kutoka namba gani kwenda ipi, nani alithibitisha. Alama ya kulia au kushoto iwe ya risasi, ndani ya uwanja wa mwale. Ile ya kuongeza kwa kompyuta baadaye hurudia tu dhana ya aliyeiweka.

Hospitali inataka kununua seva. Muuzaji anasema TB 4 zinatosha miaka kumi. Tumwamini?
*Katibu wa hospitali, Bukoba*

Pigeni hesabu wenyewe. Picha moja ya eksirei ya kidijitali ya nukta 3,000 kwa 3,000, baiti 2 kila nukta, ni MB 18. Kipande kimoja cha CT, 512 kwa 512, ni nusu MB. Picha ya rangi ya ultrasaundi ya 1,024 kwa 768 ni kama MB 2.4.

Tuseme kwa siku mna wagonjwa 40 wa eksirei, picha mbili kila mmoja: GB 1.44. Wagonjwa 12 wa CT, vipande 600 kila mmoja: GB 3.6. Ultrasaundi 30, picha 15 kila mmoja: karibu GB 1.1. Jumla GB 6.1. Kwa siku 300 za kazi ni TB 1.8 kwa mwaka, na kwa miaka mitano TB 9.2. Mgandamizo usiopoteza kitu hupunguza hadi karibu nusu, kwa hiyo kama TB 4.6. Zile TB 4 hazimalizi hata mwaka wa tano, na bado hatujahesabu ukuaji.

Kinachoharibu bajeti ni mazoea ya chumba cha CT. Kipimo kimoja kikitengenezwa kwa unene wa milimita 5, tena kwa milimita 1, tena kwa dirisha la mapafu (mpangilio wa kijivu unaoonyesha mapafu vizuri), na vyote vikatumwa, kinakuwa maradufu au zaidi. Klipu za ultrasaundi nazo: fremu 60 zisizogandamizwa ni zaidi ya MB 140. Kubalianeni na daktari wa radiolojia kipi kinahifadhiwa daima na kipi kinaishi kwa muda.

Diski sita za TB 4 kwa mpangilio wa RAID 6, unaotawanya data kwenye diski zote pamoja na akiba ya kufidia zinazokufa, zinawapa TB 16 na zinavumilia diski mbili kufa kwa pamoja. Hiyo si nakala rudufu. Virusi vya kufunga faili, moto, au mtu kufuta kwa bahati mbaya vinapita kwenye RAID bila kizuizi. Nakala moja ikae jengo jingine, moja isiunganishwe na mtandao, na kila mwezi chagueni vipimo vichache mvirudishe kutoka kwenye nakala mvifungue. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu.

Mashine za picha nazo zisifute chochote mpaka PACS ithibitishe kwamba imeshika. DICOM ina huduma ya uthibitisho huo, muulizeni muuzaji kama imewashwa pande zote mbili. Na UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika: betri za risasi zinaishi miaka 3 hadi 5, ila kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 zinakata umri huo kwa nusu. Chumba cha seva kisicho na kiyoyozi kinakula betri. UPS iunganishwe na seva kwa kebo ili iizime taratibu kabla betri haijaisha. Hifadhidata iliyokatwa ghafla ndiyo inayowakesha watu.

Daktari bingwa yuko mji mwingine. Tunapiga picha ya skrini kwa simu na kumtumia WhatsApp. Kuna ubaya?
*Kliniki binafsi, Mwanza*

Upo. Eksirei ya biti 12 ina viwango 4,096 vya kijivu. Picha ya simu ina 256, na mng'ao wa taa juu yake. Daktari hawezi kubadilisha dirisha aone nyuma ya moyo, na mwanya mwembamba wa hewa kandokando ya pafu unaweza kupotea. Jina la mgonjwa nalo limesafiri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na taarifa za afya zimo kwenye kundi linalolindwa zaidi.

Tumieni VPN, njia ya siri iliyofungwa ndani ya intaneti, kati ya PACS na kompyuta yake. Eksirei ya MB 18 iliyogandamizwa hadi 8 inapanda kwa sekunde 32 kwenye mtandao wa kupandisha Mbps 2. CT ya MB 300 iliyogandamizwa hadi 150 itachukua dakika 10. Mkificha jina kwa ajili ya mafunzo, kumbukeni kwamba ultrasaundi huchoma jina ndani ya picha yenyewe. Kufuta maelezo ya faili hakuligusi.

Zamani filamu nyeusi ilitushtaki kwamba tumezidisha mionzi. Sasa kila picha inatoka safi. Tutajuaje?
*Radiografa, Kisumu*

Kwa kuangalia DI, kipimo cha mkengeuko. EI ni namba inayoonyesha mionzi iliyofika kwenye kipokezi cha picha. DI ni 10 mara logi (ya msingi wa 10) ya EI iliyopatikana ikigawanywa kwa EI lengwa. DI ya 0 ni sawasawa, +3 ni mionzi mara mbili ya lengo, −3 ni nusu. Picha yenye DI ya −3 itakuwa na chengachenga na mtu atalalamika. Yenye +3 inapendeza, hakuna anayelalamika, na ndiyo maana mionzi hupanda polepole idara nzima bila mtu kugundua.

Namba hizo zimo ndani ya faili kwenye lebo 0018,1411 hadi 0018,1413. Msimamizi wa PACS azitoe kila mwezi, azipange kwa sehemu ya mwili na kwa chumba. Msimhukumu mtu kwa picha moja: nyonga ya chuma, aproni ya risasi ndani ya uwanja, au kuchagua "kifua" wakati mnapiga tumbo, vyote vinaipotosha DI.

Shikamooni. Namaliza stashahada ya radiolojia na kompyuta naipenda. Nijifunze nini ili nisimamie PACS?
*Mwanafunzi, Moshi*

Marahaba. Kwanza pata usajili wako wa taaluma na upige picha, kwa sababu msimamizi asiyejua kwa nini picha ya pembeni ya kifua ipo atarekebisha vibaya. Halafu mtandao: IP, swichi, kutenga VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao midogo isiyoingiliana). Halafu misingi ya hifadhidata, na HL7, lugha ambayo mfumo wa hospitali hutumia kupeleka maombi.

Mazoezi hayahitaji hospitali. Orthanc ni seva ya DICOM ya bure iliyoanzia Liège, Ubelgiji, na inaingia kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Ukiisakinisha itasikiliza poti 4242, na ukurasa wake utafunguka kwenye 8042. Sakinisha mbili kwenye kompyuta mbili, zitumiane picha zisizo na majina ya watu, halafu haribu kitu kimoja makusudi, jina la AE au poti, usome kilichoandikwa kwenye logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu. Ukitaka cheti cha kimataifa, ABII, bodi ya Marekani ya taarifa za picha za tiba, hutoa cheti kiitwacho CIIP. Angalia masharti yao ya uzoefu kabla ya kulipa.